Kung'oa au kutibu mzizi: ulinganisho kwa mwenye jino linalouma

Wengi wetu hufika kwa daktari wa meno tukiwa tumeshaamua. Usiku mzima hatujalala, karafuu imeshindwa, vidonge vya maumivu vimeshindwa, na tukikaa kwenye kile kiti tuna neno moja tu: "Dokta, ng'oa." Kung'oa ni haraka, bei yake inabebeka, na kila mtu anamjua mwenzake aliyeng'olewa akapona. Kutibu mzizi, au ruti kanali kama kliniki nyingi zinavyosema, ni kwenda na kurudi. Kwa nini ulipe mara kadhaa ya bei ya kung'oa ili ubaki na jino lilelile lililokutesa?

Swali ni halali, na jibu si mara zote "okoa jino". Yapo meno ambayo kuyatibu mzizi ni kutupa hela, na yapo ambayo kuyang'oa ni hasara utakayoilipa kwa miaka. Ila kuna njia ya tatu ambayo hakuna daktari anayeipendekeza na bado wagonjwa wengi huishia humo: unaanza kutibiwa mzizi, maumivu yanakoma, nawe huendi tena kumalizia. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko zote mbili.

Kinachouma

Ndani ya jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Jino likioza hadi karibu nacho, kinavimba. Kwa kuwa hakina pa kutanukia, presha inapanda mle ndani, na ukilala inazidi kwa sababu damu nyingi zaidi inaelekea kichwani. Ndiyo maana jino huchagua usiku.

Kama maji ya baridi yanashtua kisha yanaacha papo hapo, kiini huenda bado kinaweza kupona na ukazibwa tu. Uchungu ukibaki dakika kadhaa baada ya kumeza, au jino likikuamsha lenyewe bila kuguswa, hapo kwa kawaida kiini hakirudi tena. Halafu siku moja maumivu yanakatika ghafla. Watu hushukuru na kuahirisha miadi, kumbe kiini kimekufa. Bakteria sasa wanashuka taratibu hadi ncha ya mzizi na kuula mfupa, mpaka siku utakapoona kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha, au shavu likavimba.

Hapa ndipo amoksilini na flajili huingia, mara nyingi kutoka duka la dawa la mtaani bila daktari kuangalia chochote. Dawa hizo husafirishwa na damu, na kiini kilichokufa hakina damu. Mwongozo uliotolewa na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani mwaka 2019 unashauri kutotoa antibiotiki kwa maumivu mengi ya kiini cha jino iwapo jino lenyewe linaweza kushughulikiwa. Zinabaki kwa pale uambukizo unapoonyesha kusambaa mwilini, kwa mfano kukiwa na homa. Chanzo kimo ndani ya jino na lazima kitolewe: ama kwa kulitoa jino lote, ama kwa kulisafisha ndani na kuliacha mahali pake. Tofauti zote nyingine za njia hizi mbili zinaanzia hapo.

Ukiwa kwenye kiti

Kung'oa hakuhitaji maelezo mengi. Unachomwa ganzi, jino linalegezwa, linatolewa, unang'ata pamba kama nusu saa. Kazi yako ni kulilinda donge la damu lililoziba shimo: siku ya kwanza usisukutue, usitumie mrija, na usivute sigara kwa siku kadhaa. Donge likitoka, mfupa unabaki wazi na kati ya siku ya 2 na ya 4 unapata maumivu makali yanayopanda hadi sikioni. Ukiyaona hayo rudi kliniki, yanatibika.

Kutibu mzizi kuna hatua zaidi, na nyingi zinatofautiana ubora kutoka kliniki hadi kliniki, kwa hiyo ni vizuri uzijue. Baada ya ganzi, daktari hutoboa jino kutoka juu hadi kwenye kiini. Hutoa kiini kwa visindano vyembamba vinavyokwangua mfereji wa mzizi, huku akiusuuza kwa kemikali ileile iliyomo kwenye jiki, kwa kipimo cha kitabibu. (Usijaribu nyumbani. Yapo mambo ambayo inabidi yaandikwe.) Mfereji ukishakuwa safi na mkavu, hujazwa gutapecha, utomvu mgumu wa miti ya Kusini-mashariki mwa Asia, kisha jino linazibwa juu. Jino la mtu mzima huweza kuishi bila kiini, kwa kuwa nyuzi zinazolishikilia kwenye mfupa zina damu yake na hisia zake.

Na maumivu? Ganzi ikikubali, wengi hawaoni tofauti kubwa na kuzibwa jino kwa kawaida, isipokuwa uchovu wa kukaa na mdomo wazi. Ila ukweli wote usemwe: gego la chini ambalo kiini chake kimewaka linaweza kuikataa sindano ya kwanza. Daktari ana njia nyingine, kama kuongeza ganzi pembeni mwa jino au ndani ya mfupa. Inua mkono ukihisi kitu, usivumilie kwa aibu. Gego hilohilo litaikataa ganzi hata ukichagua kung'oa, hivyo hofu ya maumivu haipaswi kukuamulia.

Siku mbili tatu zinazofuata jino huweza kuuma ukilitafunia. Ibuprofeni pamoja na parasetamoli hufanya kazi vizuri kuliko moja peke yake, isipokuwa kama una vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au ujauzito. Hapo ibuprofeni iache mpaka uulize.

Bei inategemea sana idadi ya mifereji. Jino la mbele kwa kawaida lina mmoja. Gego la chini mara nyingi lina 3, na gego kubwa la kwanza la juu mara nyingi lina wa 4, mwembamba, unaojificha. Mfereji ukiachwa bila kusafishwa, bakteria wake hubaki, na hiyo ni moja ya sababu kubwa za jino kuanza tena kuuma baada ya miezi au miaka. Omba uone picha ya eksirei ya mwisho. Kwenye kila mzizi unapaswa kuona mstari mweupe unaofika karibu kabisa na ncha. Ukiishia katikati, uliza kwa nini.

Kitu kingine cha kuangalia ni kile kitambaa cha mpira kinachovishwa kuzunguka jino. Kilibuniwa mwaka 1864 na Sanford Barnum, daktari wa meno wa New York, na hadi leo hakijapata mbadala wa maana. Kinazuia mate yasiingie kwenye mfereji unaosafishwa, na kinakuzuia wewe usimeze kisindano au ile kemikali. Kliniki inayotibu mizizi bila kitambaa hicho kwa kuwa "kinachelewesha" ningeiaga kwa heshima nikatafute nyingine.

Kwa ufupi, ubavu kwa ubavu

| | Kung'oa | Kutibu mzizi |
|---|---|---|
| Mara za kwenda | Mara nyingi moja | Moja hadi tatu, kisha kofia (gamba gumu la kulifunika jino) |
| Malipo ya leo | Madogo | Mara kadhaa zaidi, hasa kwa gego |
| Malipo ya baadaye | Yanategemea kama utaziba pengo | Kofia. Pengine kurudia tiba |
| Mfupa wa taya | Hupungua | Hubaki |
| Ukibadili mawazo | Haiwezekani | Bado unaweza kung'oa |

Mstari wa mwisho ndio ninaoupa uzito nikiwa sina uhakika.

Mwaka mmoja baadaye

Jino likiondoka, mfupa uliolishikilia hauna kazi tena na huanza kusinyaa. Utafiti wa mwaka 2003 uliopima mapengo ya meno ya nyuma uliona upana wa mfupa ukipungua kwa takriban nusu ndani ya miezi 12, sehemu kubwa ikipotea katika miezi 3 ya mwanzo. Meno jirani yanaweza kuinamia pengo, na lile la upande wa pili likaanza kushuka au kupanda kulifuata. Haya hayampati kila mtu, wala hayatokei kwa siku moja.

Ukitaka kuziba pengo una njia tatu. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ni rahisi kwa bei, ila wengine hawayazoei kamwe. Daraja, yaani jino bandia lisilovuliwa linaloshikiliwa na majirani, linahitaji kuchonga meno mawili ya jirani, ambayo pengine ni mazima. Kipandikizi cha titani kinachopachikwa kwenye mfupa hakigusi majirani, lakini ni ghali na kwa kawaida utakikuta miji mikubwa tu. Kwa hiyo mwenye nia ya kuziba pengo asilinganishe bei ya kung'oa na bei ya kutibu mzizi. Alinganishe kung'oa pamoja na daraja au kipandikizi dhidi ya kutibu mzizi pamoja na kofia. Hesabu hiyo mara nyingi hugeuka.

Na asiye na nia ya kuliziba? Hapa sikubaliani na wale wanaotetea kila jino kwa kila bei. Mwaka 1981 Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alionyesha kwamba watu waliobakiwa na meno ya mbele na magego madogo (yale yanayotangulia magego makubwa), jumla kama 20 hivi, wanaweza kutafuna vya kutosha. Wazo hilo lilipimwa baadaye hapa Tanzania kwa ushirikiano na watafiti wa Nijmegen, matokeo yakatoka mwaka 2003: waliobaki na magego madogo yote pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walitafuna vizuri. Waliopata shida, hasa kwa vyakula vigumu, ni wale ambao hata magego madogo yalikuwa yamewapungua.

Maana yake mezani: gego kubwa la pili, lililo nyuma ya la kwanza, likiwa limebomoka, na upande huo una meno mengine yanayokutana, si msiba likiondoka. Kukopa ili kuliokoa sioni sababu. Jino la mbele, gego dogo, au gego kubwa la kwanza linalobeba utafunaji wa upande mzima, hayo yapiganie.

Kutibu nusu

Mwaka 2004 watafiti wawili walipitia rekodi za bima ya meno nchini Marekani, zaidi ya meno milioni 1.4 yaliyotibiwa mzizi. Baada ya miaka 8, asilimia 97 yalikuwa bado mdomoni. Hiyo ndiyo namba inayotajwa sana. Inayosahaulika ni hii: kati ya yale waliyoyachunguza baada ya kung'olewa, asilimia 85 hayakuwa yamevishwa kofia.

Jino lililotobolewa na kutolewa kiini limepoteza sehemu kubwa ya kuta zake. La mbele mara nyingi hutosheka na kuzibwa vizuri. La nyuma hutafuna kwa nguvu, na bila kofia inayofunika vilele vyake huweza kupasuka kutoka juu hadi mzizini. Likipasuka hivyo, hakuna tiba, linang'olewa, na wewe umelipa mara mbili.

Kabla ya kufika kwenye kofia kuna mtego mwingine. Katikati ya miadi, jino huzibwa kwa dawa ya muda ambayo imekusudiwa kukaa wiki chache tu. Mtu akishapona maumivu, nauli ya kutoka Mkuranga hadi Dar es Salaam inaanza kuonekana kubwa, ada za shule zinaingia, miadi inasogea mpaka mwezi ujao. Dawa ya muda inavuja, mate yanaingia, na mfereji uliosafishwa kwa taabu unaoza upya kimyakimya.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, uliza bei nzima: picha, mifereji yote, kuziba kwa mwisho, na kofia. Kama una bima, piga simu uulize kipi kati ya hivyo kinalipwa, kwa sababu inawezekana bima ikalipia tiba ya mzizi na kuikataa kofia. Ukiona huwezi kurudi, mwambie daktari waziwazi. Kung'oa kwa uamuzi wako ni bora kuliko kutibu nusu. Au muulize kama anaweza kumaliza mzizi kwa siku moja na kukuzibia kwa kujenga vilele juu ya jino wakati unatafuta hela ya kofia.

Meno ambayo hayana mjadala

Jino lililobaki kisiki chini ya usawa wa ufizi, lenye ufa ulioshuka mzizini, au linalotikisika kwa sababu ugonjwa wa fizi umekwisha kula mfupa, hayo kutibu mzizi hakuyasaidii. Gego la mwisho kabisa, lile la ukubwani, pia mara nyingi hung'olewa, maana mizizi yake imepinda na kulifikia ni kazi.

Kwa upande mwingine, usikubali jino litobolewe kwa sababu tu lina rangi. Wenyeji wa Arusha na Kilimanjaro wanajua meno ya kahawia yanayotokana na madini ya floridi kwenye maji. Rangi hiyo pekee haimaanishi kiini kimeguswa. Tofauti ni jino moja la mbele linalogeuka kijivu miezi kadhaa baada ya kuanguka au kupigwa. Hilo lipigwe picha hata kama haliumi.

Wazazi, hili ni lenu. Mtoto wa miaka 6 huota gego kubwa nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila kung'oka jino lolote kupisha. Wengi hulidhani ni la utoto na kusema liking'oka litaota jingine. Halioti jingine. Mzizi wake huchukua miaka kadhaa kukomaa baada ya jino kutokeza, na katika kipindi hicho daktari hujitahidi kukiacha kiini kikiwa hai, walau sehemu yake, ili mzizi umalize kukua. Siku hizi hata watu wazima wengine hufanyiwa hivyo: hutolewa sehemu ya juu tu ya kiini na kuwekewa saruji maalumu, ambayo ya kwanza ya aina yake ilibuniwa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, katika miaka ya 1990. Kama kiini chako bado kinatoa damu ya kawaida kikifunguliwa, uliza kama hilo linawezekana.

Mwili wako nao una neno

Aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani kwenye taya, au anayechomwa sindano za kuimarisha mifupa zinazotolewa kwa wagonjwa wa saratani, anaweza kupata kidonda cha mfupa kisichopona baada ya kung'oa. Kwake kutibu mzizi huwa salama zaidi, hata kwa jino ambalo mtu mwingine angeling'oa. Mwenye ugonjwa wa damu kutoganda vilevile. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari wa meno na wa moyo waongee. Mwenye valvu ya moyo ya bandia aseme kabla ya kuguswa, maana huenda akahitaji antibiotiki ya kinga. Mjamzito hutibiwa kwa raha zaidi mwezi wa 4 hadi wa 6, ila jipu halisubiri miezi. Na mwenye kisukari ajue kwamba jipu la jino hupandisha sukari, hata kama dawa zake anazimeza kwa wakati.

Kuhusu ile sauti inayozunguka WhatsApp kwamba jino lililotibiwa mzizi huleta saratani: chimbuko lake ni nadharia ya mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba bakteria waliojificha kwenye jino huleta magonjwa sehemu nyingine za mwili, iliyovumishwa miaka ya 1920 na Weston Price, daktari wa meno wa Marekani. Majaribio yake yaliporudiwa na wengine kwa uangalifu zaidi hayakutoa matokeo yake. Kabla ya hapo, watu wengi walikuwa wameshang'olewa meno bure.

Kama huwezi kuamua leo

Omba jino lifunguliwe, presha itolewe, mfereji uwekewe dawa na kufungwa kwa muda. Maumivu hupungua sana, nawe unapata siku za kutafuta hela au maoni ya daktari mwingine. Toka na tarehe ya kurudi ikiwa imeandikwa kwenye kadi, na pigia hesabu wiki, si miezi.

Hilo halimhusu mwenye uvimbe ulioshuka chini ya taya au shingoni, anayeshindwa kufungua mdomo, kumeza mate au kupumua vizuri. Huyo hana cha kulinganisha. Apelekwe hospitali yenye huduma ya dharura usiku huohuo, habari za jino zitafuata.